Hatari na Ujirani katika Nchi ya Manyara

Neno hatari lina asili ya Kiarabu. Lilikaa pwani, likapanda bara, na mwaka 1962 likavuka bahari likaandikwa kwa herufi kubwa juu ya milango ya majumba ya sinema ya Amerika na Ulaya. Katika mwaka huo picha iitwayo Hatari! ilianza kuonyeshwa duniani. Ilitengenezwa na Howard Hawks, na mchezaji wake mkuu alikuwa John Wayne. Nchi iliyotumiwa ni Tanganyika ya kaskazini: pande za Arusha, miguu ya Mlima Meru, Ngorongoro na Manyara. Kazi ya kupiga picha ilianza mwisho wa mwaka 1960, nchi ikiwa bado chini ya Uingereza. Picha ilipotoka, nchi ilikuwa imekwisha kuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961. Hivyo watazamaji wa mbali walionyeshwa nchi ambayo hali yake ilikuwa imegeuka kabla taa za ukumbi hazijazimwa.

Kusini ya ziwa la Manyara, katika njia iendayo Dodoma kutoka Arusha, uko mji wa Babati, na Nakwa ni sehemu ya mji huo. Babati ni mji wa kando ya ziwa, na viboko wakaao ndani ya ziwa hilo ni majirani wa wavuvi na wakulima. Mtu wa hapo hahitaji kuambiwa na mtunga picha maana ya neno hatari. Ajua mahali kiboko apandapo usiku, na ajua saa ya kutokwenda mtoni. Walakini hatari kwake si mchezo wa siku moja. Ni jambo la kukaa nalo, kulipisha njia, na kulea watoto karibu yake. Tofauti hii, kati ya hatari itafutwayo na hatari ikaliwayo, ndiyo mzizi wa maelezo haya. Picha za sinema, muziki na elimu vyote vilifika katika nchi ya Manyara katika miaka ile ile, na kila kimoja kilipaswa kujibu swali moja: kina uhusiano gani na watu?

Watu wenyewe ni wa namna nyingi. Katika nchi ya Babati na jirani zake wako Wagorowa, ambao zamani waliitwa pia Wafiomi, na ndugu zao Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu. Lugha za watu hawa wawili ni za ukoo wa Kikushi. Wako Wabarbaig, wafugaji ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kinailo. Wako Warangi na Wambugwe, ambao lugha zao ni za Kibantu. Katika bonde la Eyasi, upande wa magharibi, wako Wahadza, ambao lugha yao ina sauti za kudoa ulimi na haijapatiwa ndugu yake kwa yakini. Joseph Greenberg alipozigawa lugha zote za Afrika katika koo nne, katika kitabu chake cha mwaka 1963, sehemu hii ya Tanganyika ilionekana kuwa mahali pa ajabu, maana koo zote nne zilikutana katika mwendo wa siku chache kwa miguu. Wataalamu wengi wa baadaye hawaukubali tena umoja wa ule ukoo wa nne, lakini ajabu ya makutano hayo haikupungua.

Makutano hayakuwa ya amani siku zote. Jina la Wamang'ati, ambalo Wabarbaig walipewa na majirani, latoka katika neno la Kimasai lenye maana ya adui. Mtu akilitamka sokoni pasipo kujua, ametamka vita vya zamani. Hata elimu imepata kukosea katika mambo ya majina. Kwa kuwa jina la Wairaqw lafanana na jina la nchi ya Iraki, ilizuka dhana ya kwamba watu hao walitoka huko. Dhana hiyo iliandikwa, ikanakiliwa, ikafundishwa, na mwisho ikasimuliwa kama urithi wa mababu. Mwaka 1998 mtaalamu wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, alieleza njia ambayo dhana hiyo ilipitia hata ikawa hekaya. Somo lake ni zito: kitabu chaweza kumpa mtu babu asiye wake, na mtu akampokea kwa heshima, kwa kuwa amekuja na kitabu.

Sinema nayo ilikuja kwa heshima ya mwalimu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio kubwa la picha za mafunzo, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Fedha nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Amerika, na wasimamizi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha 35 hivi zilitengenezwa, zikapelekwa kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Zilifundisha habari za safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, na kuweka akiba posta. Sauti za maelezo ziliwekwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusema lugha nyingi. Nia ilikuwa njema kwa namna yake, lakini mfano wa mafunzo hayo ulikuwa mmoja karibu daima: yuko mjinga na yuko mwerevu, na mwerevu ni yule aliyekwisha kukubali shauri la serikali. Mtazamaji alialikwa aone, lakini hakualikwa ajibu.

Miaka kumi na mitano baadaye mambo yaligeuka kidogo. Kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika picha za hadithi kwa Kiswahili, na moja yao ilikuwa Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Aliyecheza ndani yake alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Watu walimpenda, kwa sababu walimwona mtu wa kwao akisema maneno ya kwao, akichekesha na kuhuzunisha kwa mwendo waujuao. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Basi mwaka ule ule ambao ulimwengu ulitazama Hatari! na kuiona Tanganyika kama uwanja wa wanyama, nchi yenyewe iliongozwa na mtu aliyepata kuwa mchezaji wa sinema. Hapana mtunga hadithi ambaye angethubutu kubuni jambo hilo.

Yafaa sasa kuitazama picha ya Hawks kwa haki, maana si picha mbaya. Ni habari ya kundi la watu wakamatao wanyama wazima na kuwauza kwa bustani za wanyama. Wachezaji wenyewe walipanda magari wakafukuza vifaru na twiga uwandani, na shida ionekanayo usoni pao mara nyingi ilikuwa shida ya kweli. Kundi hilo lina Mwamerika, Mjerumani, Mfaransa na wengineo. Mwanzoni mtu mmoja, ambaye wenzake humwita Mhindi kwa kuwa asili yake ni wenyeji wa kale wa Amerika, achomwa pembe na kifaru. Daktari ahitaji damu ya kundi AB isiyo na alama ya Rh. Wakati huo huo afika kijana Mfaransa, aliyesikia habari za ajali na kutaka kazi ya majeruhi. Mjerumani akasirika, ampiga ngumi. Halafu yagundulika kwamba damu itakiwayo ni ya yule aliyepigwa, naye akubali kuitoa.

Kisa hicho kidogo ndicho moyo wa picha nzima. Picha ilipigwa miaka 15 tu baada ya vita kuu ya pili, na watu wawili wa mataifa yaliyouana walisimama mbele ya kitanda kimoja, mmoja akitoa damu kwa ajili ya rafiki wa mwenzake. Elimu ya jambo hili haikuwa ya zamani sana. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu huko Vienna na kuyatangaza mwaka 1901. Alama ya Rh ilitangazwa mwaka 1940. Walakini elimu hiyo hiyo ina neno la kuongeza ambalo picha ililiacha. Mgonjwa wa kundi AB asiye na Rh aweza kupokea chembe nyekundu za mtu wa kundi lo lote, liwe O, A, B au AB, maadamu mtoaji naye hana Rh. Yaani mlango wa wokovu ni mpana kuliko hadithi isemavyo. Watunga picha walitaka mtu mmoja tu duniani awe ndiye, kwa sababu hadithi hupenda upungufu. Maumbile yaliweka ndugu wengi zaidi.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawakungoja darubini ili kuijua maana ya damu ya mgeni. Desturi ya kuchanjiana ilijulikana katika makabila mengi: watu wawili wasio wa tumbo moja walichanjwa, wakaonja damu ya kila mmoja, wakawa ndugu, na kuanzia siku hiyo njaa ya huyu ikawa deni la yule. Kwa elimu ya hospitali, desturi hiyo haikubadili cho chote mwilini, na yaweza hata kuleta maradhi. Kwa elimu ya kuishi, ilibadili kila kitu, maana ilimpa msafiri nyumba ya kulala katika nchi ya wengine. Usemi husema kwamba damu nzito kuliko maji. Wenye kuchanjiana walijua kwamba damu yaweza pia kuongezwa uzito kwa ahadi.

Hapo ndipo kasoro ya picha ionekanapo. Watu wa nchi wamo ndani yake. Washika kamba, wasaidia mitegoni, na katika sherehe moja mwanamke mpiga picha, aliyelea watoto watatu wa tembo, apewa jina la Mama Tembo. Jina hilo ni zuri, na ni la Kiswahili safi. Lakini mapenzi ya wageni yafuatwa kwa saa mbili na zaidi, wivu wao na majuto yao yote yaelezwa, na hapana mwenyeji hata mmoja ambaye mtazamaji aambiwa amwoa nani, amkosa nani, au amzika nani. Watoa jina hawakupewa majina. Kosa hili si la uadui, ni la usahaulifu. Na usahaulifu waweza kumwondoa mtu katika nchi yake kwa upole kuliko bunduki.

Muziki wa picha hiyo ulitungwa na Henry Mancini, na wimbo wake wa matembezi ya watoto wa tembo ulienea duniani kote, hata kwa watu wasiopata kuiona picha. Wimbo huo ni wa kuchekesha, na ala zake zaigiza mwendo wa mtoto mnene aendaye kuoga. Lakini mdundo ulio chini yake ni wa bugi-wugi, mtindo wa kinanda uliozaliwa miongoni mwa watu weusi wa Amerika, wajukuu wa waliovushwa bahari wakiwa wamefungwa. Watazamaji walidhani wasikia Afrika. Kwa kweli walisikia Amerika, na ndani ya Amerika walisikia mwangwi wa Afrika nyingine. Muziki ulisafiri kwa njia ndefu mno ili kurudi karibu na mahali ulipoanzia.

Katika nchi yenyewe palikuwa na sanaa ya sauti ambayo haikutiwa katika picha. Wairaqw wana maombi yao yaitwayo slufay. Mzee asema maneno ya kuombea mvua, afya, ng'ombe, watoto na amani, na waliohudhuria humwitikia kila mara. Maarten Mous, ambaye sarufi yake ya lugha ya Kiiraqw ilitoka mwaka 1993, pamoja na wenzake, amesaidia kuyahifadhi maneno ya namna hiyo. Tofauti ya slufay na wimbo wa sinema si ya ubora, ni ya uhusiano. Wimbo wa sinema hukamilika ukumbini hata kama watazamaji wote wamelala usingizi. Slufay haiwezi kukamilika pasipo mwitikio. Mzee aombaye peke yake anena tu. Wenzake wakiitikia ndipo maneno yake yawa maombi ya watu.

Elimu ya wanyama ililetwa na watu wenye bidii kubwa, na habari zao zina huzuni. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, walikuja na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya punda milia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ilianguka, na Michael akafa, umri wake miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Picha yao ilimalizwa, ikatoka mwaka huo huo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Baba alipokufa mwaka 1987, majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe. Hapana awezaye kuidharau kazi iliyogharimu kiasi hicho.

Lakini heshima kwa wafu haizuii kusema ukweli. Fikira iliyotawala katika miaka hiyo ilikuwa kwamba mfugaji na mnyama wa mwitu hawawezi kukaa pamoja, na kwamba ng'ombe ni adui wa nyumbu. Mwaka 1959 Serengeti iligawanywa: Wamasai wakatoka katika sehemu iliyobaki kuwa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ikawekewa sheria yake ambayo chini yake waliruhusiwa kuishi. Miaka michache ikapita, na nyumbu wakaanza kuongezeka kwa namna iliyowashangaza wahesabuji. Mwaka 1961 walikuwa kama robo ya milioni. Kufikia mwaka 1977 walizidi milioni 1.3. Nini kilichotokea?

Jibu lilikuwa sotoka. Maradhi hayo yalipoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 yaliua ng'ombe, nyati na nyumbu wasio na idadi, na wafugaji wengi wakafa njaa. Baada ya hapo sotoka ilikaa, ikawa yarudi mara kwa mara kuwaua ndama wa nyumbu. Watu wengi waliamini kwamba wanyama wa mwitu ndio chimbuko lake. Chanjo ya ng'ombe ilipoenezwa, na hasa baada ya Walter Plowright na wenzake kutengeneza chanjo iliyo bora huko Muguga, nchini Kenya, maradhi yalitoweka kwa ng'ombe, na mara yakatoweka kwa nyumbu pia. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Alichanjwa ng'ombe wa mfugaji, na jirani yake wa porini akapona. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Basi afya ya zizi ilikuwa afya ya mbuga, na yule aliyehesabiwa kuwa adui ndiye ambaye mlango wake ulipaswa kubishwa kwanza.

Kadhalika huko Manyara, palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960, elimu ilijifunza unyenyekevu kwa tembo. Iain Douglas-Hamilton alianza kazi hapo mwaka 1965. Badala ya kuwahesabu kwa mamia kutoka mbali, aliwatambua mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao, akawapa majina. Akaona kwamba tembo jike hawaishi ovyo. Waishi kwa jamaa, na jamaa huongozwa na jike mkongwe, akifuatwa na mabinti, dada na wajukuu wake. Ndama hulelewa na wengi. Jina la Mama Tembo, lililotolewa kwa mzaha wa sinema, lilikuwa na ukweli mkubwa kuliko watunga picha walivyojua, ila ukweli huo haukumhusu mgeni mwenye kamera. Ulimhusu bibi mwenyewe wa kundi, ambaye ndama zake walikamatwa wakapelekwa mbali. Mtu akiisha kulijua hilo, hawezi tena kuuona mtego kwa macho ya mwaka 1962.

Yasisemwe kwa hiyo kwamba ujirani ni jambo rahisi. Tembo huvunja mashamba, kiboko huua mvuvi, na mkulima aliyepoteza mahindi ya mwaka hawezi kufarijiwa kwa hadithi ya jamaa za tembo. Hata maji ni jirani mgumu. Mwaka 1990 ziwa la Babati lilifurika likaingia mjini, na wakazi wakafundishwa kwamba udongo upotezwao juu ya milima, na miti ikatwayo huko, hutoa hesabu yake chini ya bonde. Mji hauwezi kulihama ziwa lake, wala ziwa haliwezi kuuhama mji. Wakaao pamoja kwa namna hii wana njia mbili tu: kujuana au kuumizana.

Hiyo ndiyo kipimo ambacho nchi ya Manyara yaweza kuvipa vitu vyote viletwavyo kwake. Picha ya sinema yapimwa kwa swali la kama watu wake wana majina. Muziki wapimwa kwa swali la kama wangojea mwitikio. Elimu yapimwa kwa swali la kama imebisha hodi kwa jirani kabla ya kumhukumu. Picha ya Hawks ilikuwa na ujasiri, na kisa chake cha damu kilikuwa karibu sana na hekima ya kuchanjiana. Ilibakiza hatua moja tu, kuwauliza wenyeji waliosimama kando yao ni nani. Hatua hiyo moja ndiyo iliyochukua miaka mingi, na katika nchi nyingi bado yaendelea kutembewa.

Nao watu wa Babati hulala na kuamka kando ya ziwa lao. Usiku kiboko atoka majini kula majani, na kabla ya kupambazuka arudi. Njia yake yajulikana na kila mtu, na mwenye busara hajengi juu yake. Hapana sheria iliyoandikwa juu ya jambo hilo, wala picha iliyolitangaza, lakini ndani yake mna elimu ya vizazi: hatari ikijulikana makao yake na saa zake, huacha kuwa adui, ikawa jirani wa kuheshimiwa. Jirani wa karibu, walisema wazee, ni bora kuliko ndugu wa mbali. Hawakusema kwamba ni rahisi kuliko ndugu.